Redio Iliyokataa Salamu za Mkamwana

Neema na Shija, nawaandikia ninyi na wenzenu wote mnaozunguka hapa Shinyanga na ngazi begani mkifunga intaneti majumbani. Mmekuja kwangu mara mbili kwa ajili ya ile ruta nyeusi yenye masikio mawili mliyoiweka sebuleni. Taa zake zinawaka, umeme upo, lakini simu haioni jina la mtandao hata uiweke juu yake. Mara ya kwanza mliizima mkaiwasha, ikapona. Mara ya pili mlileta ruta mpya kabisa, mkaondoka mnachekelea. Leo ni Jumatano na mpya nayo imegoma vilevile.

Sijawakasirikia. Tuseme ukweli, Jumamosi nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimejipamba nimwone mjukuu wangu wa Mwanza kwenye simu ya video, nikaishia kutazama sura yangu mwenyewe kwenye kioo cheusi, na nikasema maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyasema nje ya chumba chake. Halafu nikaketi, nikaanza kucheka peke yangu, maana nilimkumbuka Kabula wa Ushirombo.

Ninyi hamjui kwamba mimi nilikuwa fundi. Mlinikuta na miwani na gauni la dira, mkaniita bibi, basi mkamaliza. Shija, wewe ulinishika mkono ukanionyesha swichi ya ukutani iko wapi. Nilikuacha tu unionyeshe, mwanangu, kwa sababu ulifanya kwa adabu.

Miaka ya tisini nilikuwa nikitengeneza redio kol. Simu za mkononi hazikuwepo huku. Mtu mwenye stoo Tinde, duka Ushirombo na lori linalopeleka unga machimboni Geita aliongea na watu wake kwa boksi la chuma lililokuwa na ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni. Chini ya meza kulikuwa na betri ya gari, na nje waya mrefu wa antena umetandazwa hewani kati ya nguzo mbili. Unabonyeza kitufe cha kipaza sauti, unasema, unamalizia na "ova", unaachia, unasikiliza. Wawili hamwezi kusema kwa pamoja. Na siri hapakuwa na siri. Ukimgombeza mumeo kwenye redio kol, wanakusikia madereva, wanakusikia wanunuzi wa pamba, nakusikia mimi dukani nimeshika kikombe cha chai, na wala sizimi.

Aliyenifundisha ni Mzee Jivan, mwenye duka la redio nyuma ya soko. Alizaliwa hapahapa Shinyanga, na Kisukuma alikijua kuliko mimi. Mimi ni mtoto wa mjini, baba Mmanyema wa Kigoma, mama wa Tabora, na Kisukuma changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Aliniajiri nimuuzie betri na balbu. Siku moja akanipa chuma cha kulehemu nimshikie wakati anatafuta miwani yake. Aliporudi alikuta nimeshaunga waya uliokuwa umekatika, na nimeuunga vizuri. Akautazama, akaugeuza, akasema, "Mwajuma, kuanzia kesho atauza balbu mtu mwingine."

Msidhani nilianza na moto huohuo. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa kwenye ghala moja la pamba, na nilifunga betri kinyume, chanya kwenye hasi. Harufu ile sijaisahau. Nilirudi na boksi limeungua tumbo, nikijua kibarua kimeota nyasi. Mzee Jivan alinusa boksi, akanywa chai yake mpaka mwisho, kisha akaenda dukani kwa jirani akaninunulia kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Akaniambia kila betri nitakayoikuta, kabla sijashika waya, nipake rangi ile upande wa chanya. Nilitembea na rangi ya kucha kwenye mkoba miaka yote ya kazi yangu, na watu walidhani napenda urembo.

Zahanati moja kule Kishapu ilituita kwamba redio yao haisikiki. Nilifika nimechoka kwa vumbi, nikainua macho kwenye antena, nikahesabu kanga tisa na blanketi. Waya wa antena ni kamba nzuri sana ya kuanikia nguo, hilo siwezi kulipinga. Tulianua, waya ukainuka, redio ikaongea. Nilipewa kuku.

Kwa hiyo mimi nilikuwa na mpangilio wangu, na ninyi nawapa bure. Kwanza betri, kisha vichwa vya betri kama vimeota unga mweupe, kisha waya, kisha antena. Boksi lenyewe ni la mwisho kabisa kushukiwa. Ninyi boksi mnalibadilisha kabla hamjanywa maji. Lakini msijisikie vibaya, maana mpangilio wangu huohuo ulinishinda Ushirombo, na nusura umharibie ndoa binti wa watu.

Tinde kulikuwa na mfanyabiashara wa mpunga na pamba, Mzee Nkwabi. Mtu wa kofia pana na sauti pana. Alipoita asubuhi, "Ushirombo, Ushirombo, hapa Tinde," spika ya dukani kwetu ilitetemeka. Na huyu mzee alipenda salamu jamani. Hakuanza biashara bila kusalimiwa na kusalimia, habari za nyumbani, habari za mvua, habari za ng'ombe, ndipo aulize magunia. Madereva walimwogopa kwa sababu hiyo moja tu, ukimrukia na shida yako kabla ya shikamoo, anakaa kimya mpaka ukumbuke.

Mwanawe Luhende alikuwa amemuoa Kabula, binti wa Songwa, na mzee akawafungulia duka Ushirombo. Luhende alishinda machimboni Geita wiki kwa wiki akiwauzia wachimbaji unga, tochi na makoleo, na huko mashimoni alikokuwa hakukuwa na redio. Kwa hiyo duka lilikuwa mikononi mwa Kabula, na redio pia. Alikuwa na sauti nyembamba, safi, na hesabu za magunia hakukosea hata siku moja. Mzee Nkwabi alimsifia mkamwana wake huyo mpaka tukachoka.

Nikaenda Ushirombo kuikagua redio yao. Nilikuta waya wa antena unaingilia dirishani na kukatiza duka zima kwenye usawa wa kifua. Wateja walikuwa wanainama kupita. Mimi na usafi wangu nikaona hapana, huu ni uchafu wa kazi. Nikauondoa, nikaulaza chini kando ya ukuta, nikaupitisha chini ya meza na kuupandisha nyuma ya boksi. Pale kwenye kiungio chini ya meza, nyaya mbili zinapokutana, niliulehemu upya. Nilisimama nikaitazama kazi yangu kama mtu aliyemaliza kusuka nywele. Kabula akasema, "Wabeja, dada, umependezesha duka." Neno la asante nililijua, nikavimba kichwa.

Wiki haikuisha, Mzee Nkwabi akaingia dukani kwetu Shinyanga kwa miguu yake. Alisalimia, tukasalimiana mpaka mwisho, kisha akavua kofia.

"Fundi," akaniambia, "redio yenu inachagua watu."

"Inachaguaje, mzee?"

"Mkamwana wangu anajibu madereva. Anajibu wauza dagaa. Mimi nikimwita, anasema 'hapa Ushirombo', halafu kimya. Hanisalimii. Namngoja, kimya. Naita tena, kimya."

Nilimwambia hakuna redio ya namna hiyo duniani, na nikapanda basi kwenda Ushirombo nikiwa na uhakika wangu wote. Nilifuata mpangilio. Nikasafisha vichwa vya betri, nikabadilisha kitufe cha kipaza sauti, nikapanda kukagua antena. Nikasimama mbele ya redio, mkono kiunoni, nikaita Shinyanga. Mzee Jivan akajibu, "Nakupata wazi kabisa." Nikamwambia Kabula ajaribu. Akaketi kwenye kigoda chake, akaongea na dereva aliyekuwa Kahama, wakacheka kabisa. Tinde siku hiyo Mzee Nkwabi alikuwa amekwenda msibani, hivyo naye hatukumjaribu. Hilo nililiona dogo. Nikarudi nimeshiba ugali na sifa.

Jumanne iliyofuata nilikuwa naunga waya dukani, spika imewashwa kama kawaida. Nikasikia, "Ushirombo, Ushirombo, hapa Tinde."

"Hapa Ushirombo," akajibu Kabula, wazi kama kengele.

Kisha kimya. Niliacha kazi. Kimya kikaendelea mpaka nikasikia nzi dukani. Mzee akaita tena, akajibiwa tena "hapa Ushirombo", na kimya kikarudi palepale. Hapo Mzee Nkwabi akapasuka.

"Wote mnaonisikia mtakuwa mashahidi wangu. Huyu mtoto nilimpokea kwa mikono miwili. Leo ananinyima salamu mbele ya madereva. Ijumaa nakuja Ushirombo na lori. Afunge vitu vyake, nampeleka kwao Songwa, wakamfundishe upya kusalimia mkwe. Ova."

Mzee Jivan akaweka kikombe chini. Ninyi vijana mnaweza kuona ni jambo dogo, shikamoo tu. Kwa binti aliyeolewa na kupewa duka la ukoo, kurudishwa kwao kwa kosa la kukosa adabu, tena limetangazwa hewani kutoka Tinde mpaka Geita, ni doa ambalo angekufa nalo.

Nikamwita Kabula mwenyewe. "Unamsikia baba mkwe akikuita?"

"Namsikia, dada." Alikuwa analia. "Nikimsalimia haitikii. Nasalimia tena, haitikii. Na mimi siwezi kusema mengine kabla hajaitikia, nitaonekana mtu gani? Nikiinuka ndio namsikia ananisema. Nimemkosea nini?"

"Unabonyeza kitufe?"

"Nabonyeza mpaka kidole kinauma."

Ndio kwanza nimemsikia vizuri, na salamu yake kwa mzee sikuisikia hata punje. Nikamwita Mzee Nkwabi nikamweleza kwamba mkamwana anamsalimia kila siku, kosa ni la redio. Akaniuliza, "Redio inayompata kila mtu isipokuwa mimi? Mwajuma, wewe ni fundi au ni wakili?" Madereva wakacheka, na mimi masikio yakawaka moto.

Mzee Jivan alinipa mita yake ndogo ya mshale, ile inayofungwa nyuma ya redio. Sauti ikitoka kwenda hewani mshale unapanda, isipotoka unalala. Kisha akanipokonya mfuko wangu wa bisibisi.

"Safari hii usifungue hata skrubu moja," akasema. "Funga mita tu, keti kwenye gunia, mwache yeye afanye kila kitu kama anavyofanya siku zote. Wewe kazi yako kutazama."

Nilinuna. Nilinuna kutoka Shinyanga mpaka Kahama, na kutoka Kahama mpaka Ushirombo. Fundi mzima natumwa kukaa kwenye gunia. Lakini nilipofika Alhamisi jioni nikamkuta Kabula ameshafunga sanduku lake la bati, amelisimamisha mlangoni, na duka amelipanga bidhaa kwa bidhaa ili atakayelipokea asipate taabu. Hapo niliacha kununa, nikaona aibu tu. Alinipikia wali kana kwamba nimekuja sherehe.

Ijumaa asubuhi nilifunga mita, nikaketi kwenye gunia la mchele. Redio ilikuwa ukuta wa nyuma, kwa hiyo anayeitumia anaupa mlango mgongo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mwite baba mkwe. Fanya kama kila siku."

"Hataitikia, dada."

"Mwite tu."

Akaketi kwenye kigoda. "Tinde, Tinde, hapa Ushirombo." Mshale ukapanda mpaka juu, mzuri kabisa. Kutoka Tinde likaja jibu la karani wa stoo, "Hapa Tinde," na hakuongeza neno. Kabula hakungoja kuuliza mzee yupo au hayupo. Kwake yeye Tinde ilikuwa baba mkwe.

Na hapo, vijana wangu, ndipo nilipoona kitu kilichokuwa kimenipita safari mbili. Kabula alivua ndala zake, akaziweka kando. Akakaza kanga kiunoni. Akateremka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti yote mawili kwenye sakafu ya saruji, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili, kichwa amekiinamisha, kama ambavyo binti yeyote wa Kisukuma aliyelelewa vizuri angemsalimia mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

Mshale umelala. Haukutikisika hata kidogo. Nikainama kutazama chini ya meza, na goti lake la kulia lilikuwa limekaa juu ya waya wangu. Waya wangu safi, wa kupendezesha duka, palepale kwenye kiungio nilichokilehemu. Kila alipopiga magoti kiungio kiliachia, antena ikakatika, asisikike wala asisikie. Kila alipoinuka kilishika tena, ndio akasikia anatukanwa. Madereva na wauza dagaa aliwasalimia akiwa ameketi, na mimi nilipima nimesimama na mkono kiunoni, mtoto wa mjini niliyezoea kusema shikamoo huku natembea. Kumbe mkosaji ni mimi. Waya wake wa zamani, ule uliokatiza duka kifuani, haukuwa na neno na magoti ya mtu.

Nilifungua mdomo nimwambie, na kabla sijatoa sauti nikasikia nyuma yangu, "Marahaba, mwanangu."

Kabula uso wake wote ukafunguka. Akabonyeza kitufe. "Habari za Tinde, baba? Ova."

"Za Tinde sizijui, mwanangu," ikajibu ile sauti pana. "Nimelala Kahama."

Kabula akaitazama redio. Akanitazama mimi. Kisha akageuka taratibu, bado amepiga magoti, na Mzee Nkwabi alikuwa amesimama mlangoni kando ya lile sanduku la bati, kofia ameishika mkononi. Lori lake alikuwa ameliacha barabarani, amekuja kwa miguu ili asitangaze kuja kwake. Nadhani alikuja na hotuba nzima. Aliyoyaona yalimnyang'anya hotuba.

"Kila siku unafanya hivi?" akamuuliza.

"Kila siku, baba. Tangu nilipokuja."

"Hata mimi nikiwa Tinde? Hata hakuna anayekuona?"

Kabula hakuelewa hata swali. "Ni wewe, baba," akasema.

Mzee aliizungusha kofia mkononi. Machozi yalimlenga, na mimi yangu yalishashuka zamani. Kisha akanigeukia. "Fundi, huu waya nani aliupitisha hapa chini?"

Ningeweza kusema panya. Neno panya lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikasema, "Ni mimi, mzee."

Alianza kucheka kidogokidogo, akashika gunia, akacheka mpaka akakaa chini. Kabula naye akaanza, kanga mdomoni, na mimi nikafuata. Mteja aliyekuja kununua sabuni alitukuta watatu tuko sakafuni, akageuza akaenda duka jingine.

Mzee hakuishia kucheka. Alisema alimwaibisha mtoto mbele ya watu, basi mbele ya watu haohao atamwondolea aibu. Nilishikilia waya kwa mkono wangu mwenyewe ili usiachie, naye akashika kipaza sauti. "Wote mnaonisikia, hapa Nkwabi, niko Ushirombo. Jumanne nilisema maneno. Nayarudisha mdomoni mwangu yote. Mkamwana wangu alikuwa ananisalimia kwa magoti, na mimi nilikuwa sijui. Ova." Masafa yakalipuka. Dereva mmoja wa Kahama akasema kuanzia leo na yeye atapiga magoti, mwingine akamjibu apige breki kwanza. Mzee Jivan akasubiri wote wamalize, akasema kwa upole wake, "Nakupata wazi kabisa, Nkwabi."

Kazi yenyewe haikunichukua nusu saa. Niliinua waya nikauzungusha juu, nikapita juu ya mlango badala ya kifuani, nikaushikiza kwa misumari na vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ili usikwaruzike. Kiungio nikakilehemu tena, nikakifunga mpira na kukivuta kwa nguvu zangu zote. Mzee Nkwabi akatoa amri kwamba kuanzia leo mkamwana atamsalimia akiwa ameketi kwenye kigoda, saruji itamharibia magoti. Kabula akasema, "Ndiyo, baba." Nilingoja mzee atoke kwenda kwenye lori, nikamnong'oneza, "Utaketi kweli?" Akatabasamu, akatazama chini. Basi nikachukua msumari mmoja zaidi, nikaupigilia chini kabisa ukutani, usawa wa mtu aliyepiga magoti, na kipaza sauti nikakitundika hapo. Kisha nikamsaidia kulirudisha sanduku la bati chumbani na kufungua kamba zake.

Neema na Shija, mtakapokuja kesho kutwa msije na ruta nyingine. Njooni na nafasi ya kunywa chai. Tangu juzi nimeanza kumshuku mtu mmoja humu ndani. Kuna bibi mmoja ambaye kila asubuhi anainyanyua ruta, anaipangusa vumbi, anakunjua kitambaa chake cha kufuma, anaifunika vizuri isichafuke. Na jana usiku nilipovaa miwani yangu ya karibu niliona kwamba pembeni yake, palepale kidole gumba kinapokaa ukiinyanyua, kuna kakitufe kadogo kamechorwa mawimbi kama yale ya mtandao kwenye simu. Sijakagusa. Nataka muurudishe mtandao kwanza, kisha mkae kwenye makochi yangu, simu zenu mkononi, mnitazame nikifanya usafi wangu. Jina la mtandao likipotea, mtajua aliyewatesa, na ruhusa ya kunicheka nawapa. Halafu msiniambie niache kupangusa. Tafuteni namna ya kukaweka kaboksi hako ili mwanamke msafi aweze kukapangusa.

Nilirudi Ushirombo msimu wa mpunga uliofuata, ukaguzi wa kawaida. Mshale ulipanda, waya ulikuwa bado umekaa juu ya mlango kama nilivyouacha. Chini ya ule msumari wangu, juu ya saruji, nilikuta mto mnene wa sponji, umeshonewa kitambaa kigumu cha buluu, na katikati umebonyea sehemu mbili. Nikamuuliza Kabula kama ameushona yeye.

"Hapana, dada," akasema. "Uliletwa na lori kutoka Tinde. Baba hakusema ni wa nini."